Kitambaa cha Katikati

Nyumba ya pili baada ya kisima,
Olho d'Água do Juá, Paraíba.
Jumapili, 22 Mei 2011

Mpendwa mdogo wangu Lindaura,

Pokea salamu zangu, ingawa safari hii nimezipima kwanza kabla ya kuzituma. Hujambo? Valdeci na kazi yake ya ulinzi wanaendeleaje? Kikohozi cha Tainá kimepona, au baridi ya São Paulo bado inamkaba? Mwambie avae soksi akilala, hata akikuambia hayo ni mambo ya washamba. Sisi huku wazima wa mwili. Goti la Damião linamuuma kila akipanda ngazi za kanisa, kwa hiyo amepata kisingizio cha kubaki nje akipiga soga na wenzake mpaka misa iishe.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Wiki hii umepiga mara mbili, na mara zote mbili nilikuwepo, hatua tatu kutoka kwenye simu, nikimpungia Damião mkono aseme nimetoka. Sauti yangu siiamini siku hizi. Kalamu ni afadhali, nikikwama naweza kwenda kugeuza maharage jikoni nikarudi.

Mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Mahindi ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane yatakuwepo, na watu wameanza kutazamana kwa upole kama inavyokuwa kisima kikijaa.

Mtaa wetu umeshaanza kutengeneza vibendera vya sikukuu. Hatukununua karatasi hata moja. Tumekata magazeti ya zamani ya kwa daktari wa meno na mifuko ya saruji, tukaipaka maji ya kiazi chekundu na manjano ya jikoni. Damião naye anatoboa makopo ya maziwa kwa msumari ayafanye taa. Alikusudia kutoboa nyota. Creuza akamwuliza kwa nini mwaka huu tunamsherehekea Mtakatifu Yohane kwa picha za kaa wa baharini, na Damião akanuna mpaka wakati wa chakula.

Mazulia ya mlangoni niliyokuahidi yapo tayari, yale ya kusuka kwa suruali za jinzi zilizochanika. Nilikuwa nimekuwekea mawili. Bado yapo, sijayagawa, lakini kuyatuma siwezi kwa sasa. Utaelewa ukisoma mbele.

Sasa nifike kwenye tandiko la kitanda la harusi ya Neide.

Unajua tumelishona tangu Krismasi, Gilvan alipokuja na mama yake kuposa. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri wanakuja barazani watu walewale, Bi Quitéria, Zefinha na Creuza, kila mmoja na sindano yake na mfuko wake wa vitambaa. Tumekata kila kilichokatika. Mashati ya Damião yaliyoisha kola, sare za shule za Neide, pazia la chumba cha marehemu mama, hata ile bendera ya klabu ya mpira ambayo Damião anadhani imeibiwa. Duara tunakata kwa mdomo wa kopo la kahawa, tunakunja ukingo, tunapitisha uzi kuzunguka, tunauvuta mpaka kitambaa kijikusanye kama mdomo wa mtu anayepuliza chai, tunafunga fundo. Elfu moja na mia na kitu. Vidole vyangu vimekuwa kama yale makopo ya Damião.

Na midomo haikulala. Si bure kazi hii watu wa kwetu waliipa jina la fuxico, umbea. Bi Quitéria sasa ana miaka themanini na mmoja, anasahau kama amekula, lakini anakumbuka nani alimkimbia nani mwaka wa ukame. Zefinha kazi yake ilikuwa kumchokoza Neide. Siku moja alilipima tandiko kwa mikono miwili akamwambia, "Mwanangu, zito hivi! Gilvan akiingia chini yake hatoki." Creuza akadakia bila kuinua macho, "Si ndiyo kazi yake hiyo?" Neide alicheka mpaka akajichoma sindano. Nakuandikia haya ujue alivyokuwa. Alikuwa na furaha, Lindaura. Binti alikuwa anaimba akiosha vyombo.

Kifurushi chako cha Aprili tulikipokea. Mabaki ya karakana yenu ya ushonaji yalikuwa mazuri, ile satini ya kijani hasa. Niliwaambia wenzangu, mtazameni mdogo wangu, yuko mwisho wa dunia lakini hajatusahau. Nilijivuna kwa ajili yako mbele ya watu. Hilo nalo liweke kwenye hesabu ya uliyonitenda.

Desturi ya mama unaijua. Katikati ya tandiko la bibi harusi hakikai kitambaa chochote tu. Kinakaa kipande cha nguo iliyombeba, nguo ambayo mama yake alivaa akiwa na mimba yake. Cha kwangu na cha kwako vilitoka kwenye gauni lilelile la buluu la mama. Mimi nguo ya namna hiyo kwa Neide sina, na wewe unajua kwa nini sina. Nilikuwa nimemkatia kipande cha gauni langu la kijani, nikamwambia ndiyo hiyo. Akakipokea kwa mikono miwili, akakishona vizuri, tukakiweka kwenye kikapu kusubiri siku ya kuunganisha. Nilimdanganya nikimwangalia machoni. Sijifichi.

Sikujua kwamba ndani ya satini yako ya kijani ulikuwa umekunja kipande kingine, na karatasi. Karatasi sasa ninayo, naisoma kila siku kana kwamba itabadilika. Umeandika kwa mwandiko wako wa kulalia kushoto: "Neide mpenzi, hiki ndicho kitambaa chako cha katikati. Usimwonyeshe mama yako mpaka siku ya kuunganisha."

Binti wa watu akafanya ulivyomwambia. Alidhani ni gauni langu mimi, kwamba ulilichukua wakati tunaazimana nguo, ukalitunza miaka yote hii, na sasa unalirudisha ili mimi nishtuke kwa furaha. Alikificha chini ya godoro mwezi mzima. Alikishona mwenyewe asipopita mtu. Alitaka kunifurahisha, Lindaura. Wewe uliichukua furaha hiyo ukaifanya panga.

Jumanne iliyopita tukakaa kuunganisha. Tuliburuta meza ya chakula mpaka barazani, tukalitandaza tandiko lote, pakabaki nafasi moja tu katikati. Nikanyoosha mkono kwenye kikapu nichukue cha kijani. Neide akaniambia nifumbe macho. Nikafumba, mzee mzima, natabasamu kama mjinga. Nilipofumbua, kilikuwa kimekaa pale katikati. Rangi ya boga, yenye majani madogo meupe.

Nilikijua kabla sijapumua. Na hata hapo ningeweza kujiokoa. Neno lilikuwa mdomoni tayari, ningesema kweli, ni gauni langu hilo, asante mwanangu, ningelia kidogo na yangeisha. Lakini nilichelewa, na Bi Quitéria alikuwa ameshakishika. Alikisugua kwa kidole gumba, akakipeleka karibu na jicho lake zima, uso ukamng'aa wa kukutana na kitu anachokijua.

"Hiki nilikikata mimi," akasema. "Gauni la Lindaura hili, lile pana. Nilimfungulia mishono ya kiunoni mara mbili, mwenyewe akisema ni kuskusi ya mahindi ya mama yake imemnogea."

Aliposema "mara mbili" ndipo alipojisikia. Nilimwona. Mkono wake ulibaki hewani na kitambaa ndani yake, na kile kizee cha watu kikaanza kutazama sakafu kana kwamba kimeangusha kitu. Zefinha alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza, akidhani simwoni. Creuza akakumbuka maharage yake yapo motoni. Zefinha naye akakumbuka maharage. Bi Quitéria hana hata jiko, analishwa kwa mkwewe, lakini naye akasema ana maharage. Ndani ya muda wa kunywa kikombe cha maji baraza likawa tupu, na unajua wewe, mtaa huu hauhitaji redio.

Neide hakuondoka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, sauti ile ya kuuliza chumvi iko wapi, "Mama, katikati si inakaa nguo iliyonibeba?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, kwa sababu ulikuwa umeninyima njia nyingine. Kwamba ulikuwa na miaka kumi na tisa na yule dereva wa lori la chumvi hakurudi. Kwamba baba alikuwa hai bado, na tulijua angekufanya nini. Kwamba mimi nilikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na kila Jumapili mama mkwe wangu akinitazama tumbo kabla ya uso. Kwamba tulikwenda wote wawili kwa shangazi Campina Grande tukisema tumepata kazi ya kufua, na tukarudi na mtoto mmoja na maneno yaliyopangwa. Kwamba ulimnyonyesha miezi saba ukijiita mama mdogo, na asubuhi uliyopanda basi la São Paulo matiti yako yalikuwa yamelowesha blauzi, nikakupa shali yangu ujifunike. Hata hilo nilimwambia. Sikukupaka matope. Nilikusema vizuri kuliko unavyostahili, kwa sababu yeye anastahili kusikia alizaliwa na mtu, si na jambo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu aliuliza nani alikuwa anajua. Nikasema bibi yake, baba yake Damião, shangazi wa Campina Grande, mimi na wewe. Akalitazama lile tandiko, vitambaa vyote vile, mashati ya Damião, sare zake. Akasema, "Kumbe umbea wenyewe nilikuwa mimi."

 Kama wewe una jibu la hilo, mwandikie.

Kisha alichukua mkasi akafumua cha kwako, uzi mmoja mmoja, taratibu, bila kukichana. Akakitoa na cha kijani kutoka kwenye kikapu, akaviweka vyote viwili mezani. Akaniuliza hiki cha kijani kilimbeba nani. Nikamwambia ukweli, kwamba ni gauni nililovaa siku ya ubatizo wake, alipotapika maziwa begani kwangu mbele ya padri na doa halikutoka kamwe, na kwamba nilikuwa nimekata mahali penye doa kwa makusudi. Akapitisha kidole mahali pale. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Sasa niseme yangu.

Wewe ulikula kiapo. Si cha kanisani, lakini kwangu kilikuwa kikubwa zaidi. Mama alitukalisha chini, akatupatia tandiko alilokuwa analishona, akatuambia kila mmoja afunge fundo moja na neno hili libaki ndani ya fundo hilo. Ulifunga la kwako ukilia. Na lile gauni nilikuomba ulichome. Uliniambia umelichoma nyuma ya banda la mbuzi. Ulinipeleka nikaona majivu! Miaka ishirini na miwili, Lindaura, nimekuwa namshukuru Mungu kwa majivu ambayo sijui hata yalikuwa ya nini.

Kwa hiyo hukuteleza. Mtu huteleza kwa ulimi, akiwa na hasira au amekunywa. Wewe ulikata, ukakunja, ukaandika, ukaniwekea na mtego wa siku. Ulijua Bi Quitéria atakuwepo. Ulijua macho yake yameisha lakini vidole vyake havijaisha. Umenizunguka mimi, ukamtumia mtoto mwenyewe kama sindano. Halafu unapiga simu, Damião ananiambia ulikuwa unacheka, unauliza kama tandiko limependeza.

Na usiniambie eti ulitaka tu ukweli ujulikane. Ukweli una mdomo. Tulikutana kwenye mazishi ya mama, tukalala kitanda kimoja siku nne. Ungeniambia pale, "Jovelina, nimechoka, nataka mtoto wangu ajue." Ningekataa. Nakiri, ningekataa, ningekutukana na kukugeuzia mgongo. Lakini ningekataa usoni kwako, na wewe ungekuwa umeniomba kama dada. Pengine asubuhi ya pili ningekubali. Hatutajua tena.

Kinachoniuma zaidi nikuambie? Nakuelewa. Nimekaa na kile kitambaa mkononi nikaona jinsi ulivyokitunza, hakina hata harufu ya vumbi, ulikuwa unakifua. Nikakuona huko chumbani kwako unakifua kwa siri, Valdeci asikuulize. Nikakuhurumia, na bado nimekasirika, na vyote viwili vinakaa kifuani mwangu bila kusalimiana. Ulinipa kila kitu ukiwa na miaka kumi na tisa. Lakini ulinipa, Lindaura. Hukuniazima.

Kwa Valdeci sijaandika, wala sitaandika. Najua hajui. Barua hii nimeiandikia anwani ya karakana, si ya nyumbani, ili asiifungue yeye. Ningeweza kukufanyia ulichonifanyia. Nilifikiri siku mbili nzima, na nilifikiri kwa raha, sikufichi. Mwisho nimeona siwezi.

Harusi iko palepale, Jumamosi tarehe kumi na moja Juni, kesho yake ikiwa mkesha wa Mtakatifu Antonio. Gilvan ameambiwa, na Neide mwenyewe ndiye aliyemwambia. Nasikia alisema yeye anaoa Neide, si cheti cha kuzaliwa. Mvulana mzuri, mbumbumbu kidogo wa hesabu lakini mzuri. Mama yake bado ananisalimu kwa upande mmoja wa mdomo.

Tandiko lina tundu katikati. Nimemwuliza Neide nizibe kwa nini, akasema liachwe. Nikamwambia linaonekana, wageni watauliza. Akasema waulize. Kwa hiyo atatandikiwa hivyo, na shuka jeupe litaonekana pale katikati.

Kitambaa chako nakirudisha. Kimo ndani ya bahasha hii, kimekunjwa kama ulivyokikunja. Kama unaitaka katikati, panda basi uje. Siku tatu za njia, najua, lakini hata mimi nimekwenda mbali kwa ajili ya mtoto huyu. Njoo mchana, pita mtaani, kaa barazani mbele ya Zefinha na Creuza na yule bibi ambaye tangu Jumanne hali akashiba kwa aibu, useme kwa mdomo wako ulichokituma kwa kitambaa. Halafu mwombe Neide, si mimi. Akikuruhusu, nitakuwekea uzi kwenye sindano mwenyewe, maana najua macho yako nayo si ya zamani. Usipokuja, basi kitunze, lakini usimtumie tena mtoto kitu cha kuficha.

Damião anakusalimu. Yeye hajui akukasirikie vipi, alikubeba mgongoni ukiwa na miaka minane. Creuza anakusalimu, na anataka kujua mengine, lakini hilo sitalijibu. Bi Quitéria anakuomba msamaha. Mimi nilimwambia wa kuomba msamaha si yeye, hakunisikia, akarudia. Nisalimie Tainá na Wesley, waambie mama mkubwa wao anawapenda na hana neno nao. Valdeci msalimie kama kawaida.

Mungu akuangalie huko uliko, na Bikira Maria akutulizie moyo, kwa sababu mtu mwenye moyo uliotulia hafanyi ulivyofanya.

Nilikuwa nimefika hapa nikataka kufunga, nikamwita Neide atie salamu zake. Nilimwuliza niandike kwa nani, kwa mama mdogo au kwa mama. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, akafikiri.

"Andika Lindaura tu," akasema.

Nikaandika. Kisha nikangoja, nisikie mimi ataniita nani, kwa maana tangu Jumanne ananiletea kahawa na kuniaga akitoka, lakini hajaniita kitu. Akaitazama bahasha, akanyoosha mkono.

"Nipe, kesho niipeleke posta. Stempu umeshabandika, Jovelina?"

Dada yako akupendaye bado, hata kama leo anaumia kukupenda,

Jovelina